Afya na Ibada: Dripu ya Nimodipini na Swali la Alkoholi



Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu juu ya kisukari, lakini imetufikia barua ambayo hatukuona vyema kuiweka kando. Mwandishi wake, ambaye ametuomba tusimtaje jina, anaeleza kwamba mama yake mzazi, aliyehamia hapa Uingereza kutoka Unguja miaka mingi iliyopita, alishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa. Alipofikishwa hospitali ikaonekana kwamba damu imevuja pembezoni mwa ubongo. Mshipa uliopasuka ukazibwa, kisha mama akawekewa dripu ya dawa iitwayo nimodipini, ikawa inaingia mwilini mchana na usiku bila ya kukatika. Siku ya tatu mjomba mmoja akaisoma lebo ya chupa, akaona imeandikwa kwamba ndani yake mna alkoholi. Hapo pakazuka mtafaruku kando ya kitanda. Wapo waliotaka dripu iondolewe saa ile ile, wapo waliosema aachiwe daktari afanye ayajuayo, na mgonjwa mwenyewe hakuwa katika hali ya kuulizwa.

Mama, alhamdulillahi, amekwisha rudi nyumbani. Hata hivyo mwandishi anataka kujua ni yupi aliyekuwa na haki katika mabishano yale, na dawa hiyo ilikuwa inafanya kazi gani hata wauguzi wakaishughulikia kwa hadhari kubwa namna ile. Anauliza kwa niaba yetu sote, kwani hakuna nyumba iliyoandikiwa kinga ya maradhi haya.

Tuanze na maradhi yenyewe. Ubongo umefunikwa na utando wa tabaka tatu. Baina ya tabaka la kati na lile la ndani mna nafasi yenye maji maji safi, na humo ndimo inamopita mishipa mikubwa inayoulisha ubongo damu. Kwa baadhi ya watu ukuta wa mshipa hudhoofika mahali fulani, hasa pale mshipa unapogawanyika, ukatuna mithili ya kifuko kidogo. Waganga hukiita kifuko hicho anurizimu. Walio wengi wenye kifuko cha namna hiyo huishi umri wao wote bila ya kujua kwamba wanacho. Lakini kikipasuka, damu humwagika katika ile nafasi kwa nguvu ya msukumo wa moyo, na takriban mara nne katika kila mara tano damu ya namna hii inapovuja yenyewe, bila ya mtu kuanguka wala kupigwa, huwa asili yake ni kifuko kilichopasuka. Uvutaji wa sigara na presha ya damu isiyotibiwa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari.

Dalili yake haifanani na kichwa cha kawaida. Maumivu huja kwa pigo moja, na hufikia ukomo wake katika muda wa sekunde au dakika chache, kama kwamba mtu amepigwa rungu kisogoni. Huenda yakafuatwa na kutapika, shingo kukakamaa, macho kuchukia mwanga, au kuzimia. Mwenye kupatwa na hali hiyo hapewi aspirini, halazwi kusubiri asubuhi, wala haitiwi kwanza mtu wa kumwangalia kama ana upepo. Hupigiwa simu 999. Mwenye kutaka kumsomea dua na amsomee, lakini amsomee ndani ya gari la wagonjwa.

Hatari ya kwanza baada ya kuvuja damu ni kifuko kupasuka tena. Kwa ajili hiyo madaktari hukiziba upesi, ama kwa kulifungua fuvu na kukibana kwa kibanio cha madini, ama kwa kupitisha mrija mwembamba kutoka mshipa wa kinena au wa kifundo cha mkono hadi ndani ya ubongo, na kukijaza kifuko hicho nyuzi laini za platinamu. Jamaa wakisikia kwamba mshipa umezibwa hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Tatizo ni kwamba wengi hudhani kazi imekwisha.

Hatari ya pili huja kimya kimya, na ndiyo inayohusu dripu ya mama. Damu iliyomwagika nje ya mishipa haiondoki kwa siku moja. Inapooza na kuvunjikavunjika, huzalisha vitu vinavyoichokoza mishipa iliyo jirani, nayo hujikaza na kuwa myembamba. Sehemu za ubongo zikapungukiwa na damu, na zikipungukiwa kwa muda mrefu hufa. Mambo haya hutokea zaidi baina ya siku ya 4 na siku ya 14. Ndiyo maana mgonjwa aliyekaa kitandani siku ya tano akacheka na wajukuu, akaagiza uji wa mchele, anaweza siku ya saba kuonekana mzito wa kauli, au mkono mmoja ukalegea, hali mshipa uliozibwa haujafanya ubaya wowote. Familia nyingi huivunjika mioyo hapo, zikadhani kwamba daktari ameficha jambo. Hakuficha. Siku hizo ndizo alizokuwa akizihofia tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye dawa. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli, na msuli hauwezi kujikaza mpaka kalsiamu iingie ndani ya chembe zake. Ni madini yale yale tunayoambiwa yamo katika maziwa na dagaa. Kalsiamu huingilia katika vijilango vidogo vilivyomo katika ngozi ya kila chembe. Nimodipini ni katika jamii ya dawa zinazovifunga vijilango hivyo, na sifa yake ya pekee ni kwamba hupenya kwa wepesi hadi kwenye ubongo. Wenye presha miongoni mwa wasomaji wetu watawatambua ndugu zake, kwani amlodipini inayomezwa katika nyumba nyingi ni ya ukoo huo huo.

Uchunguzi mkubwa ulioipa dawa hii heshima yake ulifanywa hapa hapa Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1989. Wagonjwa 554 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa miligramu 60 za nimodipini kila baada ya saa 4 kwa muda wa siku 21, na fungu la pili likapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopata kufa kwa sehemu ya ubongo kwa kukosa damu walikuwa 33 katika kila mia ya wale wasiopewa dawa, na 22 katika kila mia ya waliopewa. Waliofariki au kubaki na ulemavu mkubwa nao walipungua kutoka 33 katika mia hadi 20. Kwa maradhi mazito kama haya hilo si jambo dogo. Siku zile 21 zilizotumiwa katika uchunguzi huo ndizo zinazofuatwa hata leo.

Hapa pana jambo la kustaajabisha, nasi tunalitaja kwa sababu linatuonyesha kwamba elimu ya mwanadamu ni kidogo. Ilidhaniwa kwamba dawa itaipanua ile mishipa iliyojikaza. Lakini picha za mishipa zilipotazamwa, tofauti iliyotarajiwa baina ya waliopewa dawa na wasiopewa haikuonekana, na bado waliopewa walisalimika zaidi. Wataalamu wengi wanaona kwamba pengine dawa huzisaidia zile mishipa ndogo mno zisizoonekana katika picha, au huzikinga chembe za ubongo zenyewe zisidhurike kwa kujazwa kalsiamu. Basi jamaa akiambiwa kwamba picha mpya inaonyesha mishipa bado imebana, asiseme kwamba dawa imeshindwa.

Turudi kwenye ile lebo iliyosomwa na mjomba. Aliyoyasoma ni kweli. Nimodipini haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo ile ya kutiwa mshipani imeyeyushwa katika mchanganyiko wenye ethanoli, ambayo ndiyo alkoholi. Chupa yake ya kawaida ni ya mililita 50, na ndani yake mna miligramu 10 za dawa na gramu 10 za ethanoli. Kwa desturi huanzwa na mililita 5 kwa saa, na baada ya saa 2, presha ya mgonjwa ikistahimili, huongezwa hadi mililita 10 kwa saa. Kwa kiasi hicho mgonjwa huingiwa na gramu 2 za ethanoli kila saa, yaani karibu gramu 48 kwa usiku na mchana mmoja. Mwenye kuitazama hesabu hii kwa mara ya kwanza hushtuka, nasi hatukuona sababu ya kuificha. Lakini aitazame na hesabu ya pili. Ini la mtu mzima mwenye afya huondoa kiasi cha gramu 7 hadi 10 za ethanoli kwa saa. Kinachoingia ni kidogo kuliko kinachotoka, wala hakipati nafasi ya kujilimbikiza, kwa hiyo mgonjwa halewi. Aliyesema kando ya kitanda kwamba mama anasinzia kwa sababu ya pombe alikosea, na kosa hilo lingeweza kuwa na madhara, maana usingizi wa ghafla katika siku zile ni jambo la kumwita muuguzi mbio.

Ama kuhusu hukumu ya sharia, sisi si mamufti, na mwenye kutaka ufafanuzi zaidi na amwendee imamu wake. Hospitali nyingi za hapa pia zina imamu anayewahudumia wagonjwa Waislamu, na wauguzi humwita wakiombwa. Tunaweza tu kutaja yaliyokwisha kusemwa na wenye elimu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilikutana Amman, Jordan, Oktoba 1986, na miongoni mwa maswali iliyoyajibu yalikuwamo ya Waislamu wanaoishi Marekani, ambao hali yao inafanana na yetu. Ilijibu kwamba mgonjwa Mwislamu anaweza kutumia dawa yenye kiasi cha alkoholi endapo haikupatikana dawa isiyo nayo, na endapo imeagizwa na daktari wa kutegemewa aliye mwaminifu katika kazi yake. Wapo wanavyuoni wanaoitofautisha ethanoli ya viwandani na mvinyo, na wapo wasioitofautisha. Jibu hilo halihitaji tusubiri hitilafu hiyo imalizike, kwa kuwa limejengwa juu ya haja ya mgonjwa.

Lakini tuzingatie sharti lake la kwanza, kwani hapo ndipo mjomba alipokuwa na hoja, ingawa aliiweka mahali pasipo pake. Je, ipo dawa isiyo na alkoholi? Jibu ni kwamba mara nyingi ipo, nayo ni nimodipini ile ile katika umbo la kidonge. Ule uchunguzi wa mwaka 1989 ulikuwa wa vidonge, wala si wa dripu, na hata sasa ushahidi ulio imara zaidi ni wa dawa inayopitia tumboni. Taasisi ya kitaifa inayowaongoza madaktari wa Uingereza, NICE, ilitoa mwongozo Novemba 2022 unaoitanguliza njia ya tumbo, na kuiweka dripu kwa wale ambao njia hiyo haiwafai, tena katika wodi za kitaalamu. Mgonjwa asiyeweza kumeza hupitishiwa mrija mwembamba puani hadi tumboni, na dawa ikapita humo.

Kwa hiyo swali la familia ya Kiislamu kwa daktari ni moja, na huulizwa kwa upole na msemaji mmoja aliyechaguliwa na wenziwe: je, mgonjwa wetu anaweza kupewa nimodipini kwa mdomo au kwa mrija wa puani badala ya dripu? Akisema ndiyo, huenda ikabadilishwa siku ile ile. Akisema kwamba anatapika sana, au kwamba tumbo lake halifyonzi chakula, basi dripu ndiyo njia iliyobaki, na sharti la wanavyuoni limetimia. Wakati swali linasubiri jibu, dripu inaendelea. Haikomeshwi hata kwa saa moja kwa ajili ya mashauriano ya ukoo, wala mtu asiguse kitufe chochote cha mashine ile, hata ikilia.

Tumesema mashine, na yafaa tueleze kidogo, kwa sababu vitu vigeni hutia hofu. Dawa hii haitundikwi tu kama maji ya chumvi. Husukumwa na pampu inayohesabu kila tone, na huingizwa katika mshipa mkubwa, shingoni au chini ya mtulinga, kwa kuwa huichoma mishipa midogo. Pembeni yake hupitishwa maji mengine ya kuizimua. Mirija yake si ya plastiki ile ya PVC iliyozoeleka, kwani hiyo huinyonya dawa kabla haijamfikia mgonjwa. Tena haipendi jua. Mkimkuta muuguzi ameteremsha pazia mchana kweupe, si kwamba anamnyima mama yenu mwanga.

Kero kubwa ya nimodipini ni kuteremsha presha ya damu. Hapa familia zetu huchanganyikiwa, maana tumefundishwa miaka yote kwamba presha ya juu ndiyo adui. Katika siku hizi 21 mambo hugeuka. Baada ya kifuko kuzibwa, presha ikishuka mno, damu haifiki mbele ya pale mshipa ulipobana. Ndiyo maana vidonge vya presha alivyokuwa akivimeza mgonjwa miaka kumi huenda vikasimamishwa, na ndiyo maana dripu hupunguzwa na kuongezwa mara kwa mara. Mtoto mmoja mwenye mapenzi na mama yake akimletea vidonge vyake vya nyumbani ndani ya mkoba, akampa kwa siri ili kumsaidia, anaweza kumharibia kila kitu.

Na tukishataja yaletwayo mkobani: maji ya balungi yasiletwe kabisa. Tunda hilo huizuia miili yetu kuivunjavunja nimodipini, ikawa kama kwamba mgonjwa amepewa dozi kubwa kuliko iliyoandikwa. Vilevile daktari aambiwe bila ya kuona haya ikiwa mgonjwa anatumia dawa za kifua kikuu. Rifampisini iliyomo ndani yake huimaliza nimodipini kabla haijafanya kazi, na kadhalika baadhi ya dawa za kifafa. Aambiwe pia kama mgonjwa aliwahi kuwa na maradhi ya ini, maana ini bovu huiacha dawa ikae mwilini muda mrefu, na ile ethanoli nayo. Tunajua kwamba wengi wetu huyaficha maradhi ya kifua na ya ini kwa kuogopa maneno ya watu. Daktari na mfamasia wa wodi hawamo katika watu hao.

Sasa tuna jambo ambalo hatujaliona likiandikwa katika vijitabu vya hospitali, nalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko lile la alkoholi. Muuguzi humjia mgonjwa mara kwa mara, mchana na usiku, akamwuliza jina lake, mahali alipo, na huu ni mwezi gani. Majibu hayo ndiyo kipimo cha kwanza cha kujua kwamba ubongo unapata damu ya kutosha. Fikirini basi bibi aliyelelewa Ng'ambo au Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu, na maradhi yakamtoka nacho chote. Akiulizwa mwezi atajibu Mfunguo Sita, kwa kuwa maulidi yamewadia, na jibu lake ni sahihi kabisa. Akiulizwa saa atasema saa tatu asubuhi, na mjukuu aliyezaliwa hapa akamfasiria neno kwa neno kwamba ni saa tatu za Kizungu, hali saa ya ukutani inaonyesha tisa. Ikaandikwa katika karatasi kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, na pengine akapelekwa kupigwa picha ambayo hakuihitaji.

Kinyume cha hayo ndicho kibaya zaidi. Bibi akianza kweli kupayapaya, akazungumza na dada yake aliyefariki, au akayaunganisha maneno yasiyokuwa na maana, muuguzi asiyejua Kiswahili atatabasamu, akidhani kwamba mgonjwa wake yu mzima na anazungumza lugha ya kwao. Masikio ya kulitambua hilo ni yenu peke yenu. Kwa hiyo mtu anayekaa naye asiwe mtazamaji tu. Amsemeshe kwa lugha aliyoizoea, amwulize mambo ya nyumbani anayoyajua vizuri, na akisikia mabadiliko, ulimi kuwa mzito, jina la mjukuu kupotea, kikombe kumponyoka mkononi, amwite muuguzi papo hapo, na amweleze kwa maneno yaliyo wazi kwamba jana hakuwa hivi. Mabadiliko yakitambuliwa mapema, kuna mambo ambayo madaktari wanaweza kuyafanya. Yakingojewa mpaka zamu ibadilike, huenda yasifae kitu. Nanyi mnayo haki ya kuomba mkalimani wa hospitali, asiyelipiwa na mgonjwa, ili mtoto wa miaka kumi na miwili asibebeshwe mzigo wa kumfasiria nyanya yake habari za uhai na mauti.

Mgonjwa akipata nafuu, dripu huondolewa na vidonge huchukua nafasi yake mpaka siku ya 21 itimie. Wengine huruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya siku hiyo, na hapo jukumu hugeuka kuwa letu. Kipimo cha kawaida ni vidonge viwili vya miligramu 30 kila baada ya saa 4, na usiku haumo katika mapumziko. Tukianza saa kumi na mbili asubuhi, zitafuata saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku na saa nane usiku. Ziandikwe katika karatasi kwa hesabu zote mbili, ya kwetu na ya Kizungu, ikabandikwe mlangoni mwa friji, ili mkwe anayesoma hivi na mtoto anayesoma vile wasimpe mgonjwa dozi mara mbili. Ile ya saa nane usiku ikabidhiwe yule anayeamka kwa tahajudi. Wengine huandikiwa kidonge kimoja kila baada ya saa 2 kwa sababu presha yao hushuka, na hilo lisiwashangaze. Vidonge visiachwe kwa sababu mgonjwa anajiona mzima. Zikisalia siku tatu, basi ni siku tatu za dawa. Na anapoinuka kitandani akae kwanza kidogo, asije akaanguka kwa kizunguzungu.

Ikiwa siku hizo zimeangukia Ramadhani, hatuoni nafasi ya mabishano. Dawa ya kila baada ya saa 4 haiwezi kuchukuana na saumu, na mgonjwa ameruhusiwa kula, kisha atalipa akipona. Aliyeambiwa na madaktari kwamba hataweza tena kufunga amwulize imamu habari za fidia. Sala haimwondoki maadamu akili yake ipo, lakini husali kwa namna anayoiweza, amelala, kwa ishara, na kwa tayamamu ikiwa maji yana udhia.

Kwa wasomaji wenye jamaa Marekani, tunaongeza neno moja, kwani huko mambo ni tofauti. Nimodipini ya kutiwa mshipani haikuidhinishwa katika nchi hiyo. Wao hutumia vidonge laini vyenye majimaji ndani, ambavyo ngozi yake ni ya jelatini, na tangu mwaka 2013 ipo pia ile ya maji ya kunywa. Ilitokea huko kwamba yale majimaji ya ndani ya kidonge yalivutwa kwa sindano ili yapitishwe mrija wa tumboni, kisha kwa makosa yakatiwa mshipani, na wapo waliokufa. Mwaka 2006 serikali yao iliamuru onyo zito liandikwe katika karatasi ya dawa. Jamaa wa huko wakiwa na shaka juu ya jelatini, wamwulize mfamasia kama ile ya maji inapatikana, na viungo vyake ni vipi.

Mwandishi wetu ameuliza pia katika mstari wa mwisho wa barua yake kama yeye na ndugu zake wapimwe. Kwa kawaida mtu mmoja tu kuugua katika ukoo hakuwi sababu ya kuwapima wote. Ikiwa wapo wawili au zaidi katika wazazi, ndugu wa tumbo moja au watoto, basi daktari wa familia aambiwe, naye anaweza kuwapeleka kwa mabingwa wakazungumze nao juu ya picha ya mishipa. Kwa wote, wapimwe presha, na mwenye kuvuta sigara aiache mwaka huu huu.

Mazungumzo ya kisukari yataendelea mwezi ujao, inshaallah. Mwenye swali aliandike, alitie katika bahasha, na amkabidhi mgawaji wa jarida hili siku ya madrasa. Si lazima jina litajwe.